Hotuba ya Kuzindua Jua Mbotela

Mheshimiwa mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa naibu wenyeviti, makaimu naibu wenyeviti, na wale wanaosubiri kukaimu. Mjumbe maalumu wa mataifa rafiki, Bwana Henrik, aliyeketi hapa kulia kwangu na chombo chake cha kitaalamu shingoni. Wachungaji wetu, maimamu wetu, na wote wenye kuombea mvua na wenye kuombea kiangazi. Wazee wa reli mliostaafu, wazee wa baraza la jiji mliostaafu, na nyinyi mliostaafishwa. Akina mama wa vyama vyenye sare na vya nguo za nyumbani. Wafanyabiashara wa jumla, wa rejareja na wa kutandaza chini. Mabibi na mabwana, itifaki zote zimezingatiwa, na kama kuna itifaki yoyote imesalia nje, msaidizi wangu Jacklyne ataizingatia nikiwa naendelea. Hamjambo?

(Makofi ya watu wenye fulana za kijani, walioletwa na basi. Sisi wa mtaa wa Mbotela tulikuwa tumesimama juani tangu saa tatu, na sasa ilikuwa saa sita. Hotuba hii nimeiandika mimi, Khalayi wa nyumba za safu ya nane, kama ilivyotoka kinywani mwa mwenyewe. Palipo na Kizungu nimekiandika kama kilivyonigonga sikio. Mwenye kutaka kingine akaandike chake.)

Hamjambo tena! Kwa wale wachache wasionifahamu, na kwa ajili ya kumbukumbu za kimataifa, mimi ni Mheshimiwa Daktari wa Heshima, Injinia wa Kuteuliwa, Gordon Shiundu, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Pamoja ya Ushirikiano wa Kibiashara wa Kimataifa kwa Upanuzi wa Nishati Safi na Ufikiaji wa Umeme, Kanda ya Mashariki mwa Jiji. Simama kidogo upigiwe makofi.

(Hayo ya mwisho yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi na Jacklyne, ili ajue pa kupumua. Akayasoma. Gordon husoma kila kilichoandikwa, tangu utoto, hata pakiti ya chumvi. Wenye fulana wakapiga makofi. Yeye akanywa maji baridi kutoka kwenye sanduku la barafu lililokaa kando ya kiti chake, jeupe, kubwa kama sanduku la bibi harusi, limejaa soda za wageni.)

Ndugu wananchi, leo historia imevaa suti. Mtakumbuka kwamba mwezi wa Desemba nilisimama pahali hapa hapa nikawaeleza, kwa uchungu wa mtoto aliyezaliwa katika mtaa huu, kwamba mnaishi katika aibu ya umeme mchafu, umeme wa nguzo zilizoinama kama walevi wa jioni, umeme usio na pataneshipu, usio na fremuweki, usio na hata rodimapu moja. Nikawaambia wazi kwamba mshirika wa kimataifa hawezi kuingia katika nyumba ambayo ukutani kwake bado inaning'inia mita ya zamani, kwa maana biashara ya kimataifa inaanza na ukuta safi. Na nyinyi, kwa uzalendo ambao nimeusimulia katika mikutano ya miji tisa, mkazitoa mita zenu kwa hiari, mita mia tatu na kumi na mbili, mkazileta hapa uwanjani kwa foleni, mkapewa stakabadhi zenye muhuri, na nyaya zikashushwa siku iyo hiyo.

(Hapo siwezi kumkanusha. Tulizileta wenyewe. Nani angebishana na muhuri? Mtaa huu ulijengwa na watu wa ofisi na wa reli, na tumelelewa kuamini kwamba karatasi yenye muhuri haisemi uongo. Na si kuzileta tu, tuliziosha! Jirani yangu Phelister alipangusa yake kwa kitambaa cha kanisa. Mimi nikaona haiwezekani mita yangu iende ng'ambo, kama tulivyoambiwa zitapelekwa, ikiwa chafu kuliko ya jirani, nikaisugua kwa majivu na limau kama sufuria ya arusi. Tulipanga foleni tumebeba ujinga unaometameta.)

Ukurasa wa pili. Matokeo, ndugu zangu, matokeo hayasemi uongo. Kwa mujibu wa takwimu za kamati yangu, zilizokusanywa na kamati yangu na kuhakikiwa na kamati yangu, asilimia mia moja ya kaya katika eneo la paileti zimeachana kabisa na umeme mchafu. Asilimia mia moja! Matumizi ya pasi yamepungua kwa asilimia mia moja. Kelele za redio zimepungua kwa asilimia tisini na sita nukta tatu, zile zilizobaki zikiwa za betri. Na hewa chafu inayotokana na balbu zenu imeshuka mpaka sifuri. Ziko nchi zimehangaika miaka hamsini na hazijaiona sifuri hata kwa mbali. Mbotela imefika sifuri kwa siku moja, tena alasiri!

(Awuor wa chapati akapaza sauti: "Mheshimiwa, si ni kwa sababu hatuna stima!" Watu wakacheka.)

Dada huyo amenirahisishia kazi. Hiyo ndiyo sababu hasa. Dunia ya leo, dada yangu, ni dunia ya soko, na sokoni kila kitu ni bidhaa. Wenzetu wa ng'ambo wanatoa moshi mwingi kupita kiasi, na wana njaa na kiu ya kupata mahali pasipotoa moshi. Sasa sisi tunawauzia ule moshi ambao nyinyi hamkuutoa. Giza lenu, wapendwa, ni zao la kuuza nje kama chai, kama kahawa, kama maua. Kila usiku mnaokaa bila taa, mnafanya biashara ya kimataifa mkiwa mmelala. Nao washirika wetu, kwa upande wao wa mkataba, watatulipa kwa jua.

("Kwa nini watulipe jua," nikamwuliza, "na hili linalotuchoma utosini ni la nani?")

Hilo, shosho, ni jua la kienyeji. Halijasindikwa.

(Wenye fulana wakapiga makofi. Mmoja wao aliyekuwa karibu nami naye akaniita shosho kama nyanya yake: "Shosho, nyamaza kidogo, sisi tumeahidiwa mkate akimaliza." Nikamwambia akae na njaa yake upande ule.)

Na ili msidhani nazungumza hewani, tazameni mbele ya jukwaa hili. Paneli kumi na mbili za kizazi cha tano! Zimepangwa kwa utaratibu wa sayansi. Tafadhali msiziguse, kwa kuwa jua limeshaingia ndani na linaweza kumshika mtu mkono. Bwana Henrik mwenyewe, kama mnavyoona, ameinua chombo chake na kukagua mwelekeo wa anga, na ninyi mnaotazama huku na kule jifunzeni kwake.

(Vitu vyenyewe vilikuwa vya buluu, vinang'aa, vimesimama wima vikitutazama sisi. Migongo yake ndiyo iliyokuwa upande wa jua. Mimi sikusoma, niliishia darasa la tatu, lakini hata nguo nikianika naigeuzia jua. Yule mgeni Henrik hakutazama paneli hata mara moja. Alikuwa ameinua ile darubini yake akimfuata mwewe mmoja aliyekuwa akizunguka juu ya Jogoo Road, na midomo wazi kwa furaha.)

Na juu ya jukwaa, ndugu wananchi, kama ushahidi usiopingika, nimeagiza kiletwe kifaa kimoja cha mwananchi wa kawaida, tena mwanamke, kwa kuzingatia jinsia. Ni friji. Sikilizeni. Nyamazeni msikie. Inanguruma! Friji hii inanguruma kwa jua!

(Na kweli ilikuwa inanguruma, na hapo hata mimi moyo uliruka. Kwa maana friji ile si ya kuchezewa. Ni ya Phelister, na ndiyo friji ya safu yetu nzima tangu alipoinunua. Yeye ni Mjaluo wa kuuza samaki, lakini rafu ya juu ni ya maziwa ya Sahro, ya kati ni ya sharubati ya akina mama wa kanisa, na mlangoni, ndani ya kopo la siagi, hukaa dawa ya sukari ya Mzee Salad, baba yake Sahro. Hakuna anayelipishwa na hakuna anayebisha hodi zaidi ya mara moja. Mzee Salad alikuwa gadi wa gari moshi, yule wa kulipungia bendera ya kijani liondoke, miaka thelathini na moja, na hudungwa sindano asubuhi na jioni, na dawa ile haitaki joto. Tangu Desemba tumeihifadhi kwenye chungu, katikati ya mchanga tunaoulowesha kwa zamu. Mwenye bucha alitusitiri wiki moja, kisha akasema wateja wanauliza kwa nini nyama inakaa na sindano. Joto la Februari likashinda chungu. Juma lililopita tulimbeba mzee kwa blanketi mpaka zahanati, kidole cha mguu kimegeuka rangi. Muuguzi akatikisa vile vichupa akasema tumekuwa tukimdunga maji. Akatupa vipya vinne, akatuambia, "Hivi vikiharibika sina vingine mpaka Aprili, na mguu huo hautangoja Aprili." Kwa hiyo asubuhi hiyo akina mama wanne waliposhika friji wakaipandisha jukwaani, Sahro aliweka vile vichupa vinne ndani ya kopo la siagi, akafunga mlango, akasimama pale pale.)

Ukurasa wa tatu. Naona mama mwenye friji ameinua mkono. Mpeni kipaza sauti, lakini kwa ufupi, kwa kuwa ratiba ni ya kimataifa.

("Mheshimiwa," akasema Phelister, "mimi nauliza moja tu. Mkishaondoka hapa leo, friji yangu naiunganisha wapi?")

Swali zuri sana, swali la stekiholda halisi. Mama, usiunganishe friji kabla ya kuunganisha fikra. Kwanza tunajenga uwezo, kisha tunajenga uelewa, halafu tunajenga mazingira wezeshi, na baada ya mazingira kuwezeshwa, nishati inajileta yenyewe. Kwa lugha nyepesi, mradi huu uko kwenye paipulaini.

("Paipu gani?" akauliza Phelister. "Mimi nimeuliza waya.")

Mama, keti. Umeeleweka.

("Sijaketi. Ndani ya hiyo friji kuna dawa ya mtu. Mzee Salad, inua mkono akuone." Mzee akainua. Alikuwa amekuja na lile koti lake la reli, zito katika jua lile, na alikuwa akijipepea kwa ile bendera ya kijani aliyopewa siku ya kustaafu. "Huyo hapo. Dawa ikipata joto siku mbili, mguu unakatwa. Sasa niambie kama mtu mzima anavyoambiwa, stima ni leo, ni kesho, au ni lini?")

Nimefurahi kumwona mzee. Makofi kwa mzee! Jacklyne, andika: mnufaika mmoja, mwanamume, wa makamo ya juu. Mzee, wewe ndiwe sura ya mradi huu, na picha yako itatundikwa katika kumbi ambazo hata mimi huingia kwa mwaliko. Kuhusu lini, ndugu zangu, neno lini ni neno la pupa. Ushirikiano wa kimataifa hauna lini, una awamu. Tuko katika awamu ya kwanza, ambayo ni hotuba.

(Hapo nikashindwa kuvumilia, nikasimama. "Gordon!" nikamwita. Jacklyne akanijia mbio, "Nyanya, anaitwa Mheshimiwa." Nikamwambia, "Wewe mtoto, huyo nimemfuta kamasi kabla hujazaliwa. Mamake alikuwa akienda kazini ananiachia, nami namwogesha pale mferejini akipiga kelele kama paka. Gordon, nani alikufundisha kuongea hivi? Maana si mamako. Mamako alikuwa akisema hapana, ni hapana, na akisema kesho, kesho inafika." Hata wenye fulana walitazama viatu vyao.)

Ahsante, shosho, kwa kumbukumbu hizo za kitamaduni. Naam, mimi ni mtoto wa mfereji huo, sikatai. Ndiyo maana sikuwasahau. Mnadhani safari zangu ni starehe? Nimelala katika hoteli ambazo taa huwaka ukiingia na kuzimika ukitoka, bila mtu kugusa swichi, nikakaa kitandani nikalia. Nililia kwa niaba yenu. Nimekula chakula ambacho sikijui jina kwa ajili yenu. Nimetia sahihi mikataba ya maelewano kumi na minne, na mmoja nikautia mara mbili kwa hamasa. Na pamoja na hayo yote bado naishi miongoni mwenu, hapo mtaa wa Fedha, mwendo mfupi tu, katika nyumba ambayo haijawahi kuzimika hata dakika moja, kwa kuwa kiongozi akikaa gizani ataona nini? Ataonaje shida zenu?

(Upepo ukageuka, tukanusa moshi wa dizeli. Awuor akauliza, "Na hiyo harufu?")

Hiyo ni mitambo ikijinyoosha. Jua likianza kazi lazima litoe jasho.

Ukurasa wa nne na wa mwisho, kaza sauti. Wananchi wa Mbotela, na majirani zetu wa Shauri Moyo mliokuja kuona wivu, sasa tuseme kwa pamoja. Nikisema Nishati, mseme Safi! Nishati!

(Wenye fulana: "Safi!" Mzee mmoja wa kwetu: "Wapi?")

Nikisema Biashara, mseme Bila Mipaka! Biashara!

("Bila mipaka!" Na hilo nililiamini, kwa maana utovu wake wa aibu haukuwa na mpaka.)

Nikisema Giza, mseme Limekwisha! Giza!

(Hapo hata wenye fulana walisita, maana wengine wao walitoka mitaa ambayo giza lake halijakwisha. Jacklyne akampa karatasi nyingine, ndogo, yenye orodha ya watu wa kushukuriwa, iliyoandikwa na Jacklyne mwenyewe kwa haraka, kwa ukweli, kama mtu anayeandika vitu vya kununua dukani. Na Gordon, kama nilivyosema, husoma kila kilichoandikwa.)

Kwa kumalizia, natoa shukrani za dhati. Namshukuru fundi Mutisya wa Shauri Moyo, kwa kutuazima mbao hizi kumi na mbili za vichwani mwa vitanda, na kwa kuzipiga rangi ya buluu pasipo malipo ya ziada, na ninamhakikishia kwamba zitarudishwa kabla ya saa tisa kwa kuwa wenye vitanda wamezifuata.

(Uwanja mzima ukageuka kutazama zile paneli. Mtu mmoja akaenda akagonga moja kwa kidole. Ko, ko, ko.)

Namshukuru Bwana Henrik, ambaye alikuja nchini kutazama ndege, akakutana na Jacklyne akiulizia njia, akakubali kukaa kwenye kiti kwa saa mbili mradi kiwe pahali pa kuona anga.

(Mgeni aliposikia jina lake akasimama, akatupungia mkono kwa heshima, akarudi kwa mwewe wake. Huyo simlaumu. Yeye alikuja kutafuta kitu kinachoruka, na alikiona.)

Nawashukuru wapima vyuma kuukuu wa Gikomba, waliozipokea mita zenu mia tatu na kumi na mbili na kuzipima kwa uaminifu, wakasifu sana jinsi zilivyokuwa safi.

(Nilitazama viganja vyangu. Majivu na limau.)

Nawashukuru kwa namna ya pekee washirika wetu wa kimataifa, ambao tunaendelea kuwatafuta, na ambao tangazo la kuwatafuta litatoka wiki ijayo Mungu akipenda. Na mwisho kabisa namshukuru Mama Kui wa kukodisha mahema, viti na jenereta, kwa jenereta yake iliyoko nyuma ya vyoo, ambayo imewezesha kipaza sauti hiki na friji ile, na ambayo inahitajika msibani Kaloleni saa nane na... Jacklyne, hii ni nini? Hii isomwe au isisomwe? Ndugu wananchi, nasema hivi, Nishati...

(Sauti ikakatika. Kui ni mtu wa saa. Alikuwa ameshazima, anakunja waya mkononi, na msiba wa watu haungojei siasa. Friji ya Phelister ikatetemeka mara moja, ikatoa pumzi kama ng'ombe anayelala, ikanyamaza. Gordon akaendelea kuinua mkono akifungua mdomo, bila kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa ile ile ndogo ya mferejini.

Watu walianza kupiga makelele, na wengine kukimbilia zile mbao. Mimi nilimtazama Sahro. Alifungua friji, akatoa lile kopo la siagi, akalikumbatia kwa mikono miwili, na macho yake yakawa yanatafuta pa kwenda. Kulikuwa na kitu kimoja tu baridi katika uwanja ule wote. Nikapanda jukwaani, nikamshika mkono, nikampeleka kando ya kiti cha Gordon, nikainua kifuniko cha sanduku la soda.

"Shosho, hizo ni za wageni!" akasema Gordon.

"Wageni wameenda na mwewe," nikamjibu. Sahro akavua mtandio wake wa juu, akavifunga vichupa vinne ndani yake ili barafu isivigandishe, akavilaza kati ya soda. Phelister na Awuor wakabeba sanduku, mmoja huku mmoja kule.

"Barafu hii haifiki asubuhi," akasema Phelister.

"Najua," nikasema. "Gordon, umetuambia kwako Fedha stima haijawahi kuzimika hata dakika moja. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, lakini shosho, hiyo ilikuwa katika muktadha wa..."

"Basi."

Gari lake lilikuwa limefunguliwa milango, jeusi, injini inawaka ili ndani pakae baridi. Mzee Salad alikuwa amekwisha kulifikia kabla yetu, kwa ule mguu wake mbovu, polepole, kama mtu anayekagua behewa. Akaingia kiti cha mbele. Tukampakatisha lile sanduku. Sahro akakaa nyuma na lile kopo la siagi, sasa lina sindano tu. Dereva akamtazama Gordon, Gordon akamtazama Jacklyne, Jacklyne akatazama ratiba.

"Mzee," akasema Gordon, na mara hii aliongea kama watu, "mzee wangu, tafadhali shuka. Nina mkutano."

"Na mimi nina mguu," akasema Mzee Salad. "Dawa itakaa kwenye friji yako. Mimi nitakuwa nakuja na gari hili asubuhi na jioni, mpaka siku utakaporudisha mita ya Phelister ukutani."

"Haiwezekani, mzee. Itifaki..."

"Kijana, miaka thelathini na moja nimekuwa gadi. Nimepakia mawaziri, nimepakia maiti, nimepakia ng'ombe. Gari haliondoki kwa kuwa mkubwa ana mkutano. Linaondoka gadi akiona kila abiria amekaa. Wewe ndiye umebaki nje. Panda nyuma na mtoto wangu, na usiweke miguu kwenye kopo."

Akina mama walikuwa wamesimama mbele ya gari, nyuma ya gari, na ubavuni. Hakuna aliyelipiga hata kofi. Tulikuwa tumesimama tu, kama tulivyosimama tangu saa tatu, na tulikuwa tumezoea. Gordon akatutazama mmoja mmoja, akaniona mimi, akainama, akapanda nyuma.

Mzee Salad akateremsha kioo, akatoa mkono nje, akakunjua ile bendera ya kijani, tukapisha njia.

"Endesha, dereva," akasema. "Sindano ya jioni ni saa kumi na mbili.")